Kesi Isiyokuwa na Jina

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia kijana wetu amesema anataka kwenda kusomea uwakili. Ilikuwa Ijumaa, na mvua ya Birmingham inanyesha ile ya kutoka kando, inayokulowesha hata ukiwa umejifungia kabatini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba kama uzi, na mdomo mkubwa kuliko kiwanda nilichofanyia kazi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa mtaa wa Saltley, hapa hapa mjini. Tulitengeneza makomeo ya milango. Kama umewahi kufunga mlango wowote katika Uingereza hii, basi nishukuru mimi, Babu Mwakio. Haya, labda si mlango wowote. Tuseme milango mingi.

Mimi ni mtu wa Voi. Shule niliiacha darasa la tatu, na siku hiyo mwalimu wangu alilia, kwa furaha. Kiingereza nilikiokota kwa watalii waliokuja kuona ndovu, nikiwabebea mabegi. Kisha dada yangu nesi akanileta huku, na nilipofika nikakuta kile Kiingereza changu cha mabegi ni mali. Maana unajua desturi yetu hapa, mpaka leo haijabadilika: anayejua Kiingereza kidogo si wake tena, ni wa watu wote. Hospitali utakwenda, shuleni kwa watoto wa wenzako utakwenda, na ofisi za nyumba utakwenda mpaka wakuzoee, wakuwekee kikombe chako. Hakuna anayekuuliza kama umesomea ukalimani. Wanakuuliza kama una nafasi Jumanne.

Na mimi nafasi nilikuwa nayo. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi. Unasimama katikati, watu wote wanakutazama wewe, na hakuna hata mmoja anayeelewa pande zote mbili ila wewe. Mwanangu, hapo ndipo shetani anapokuja na chumvi yake mkononi.

Basi kiwandani alikuwapo mama mmoja kutoka Uvira, kule Kongo, jina lake Mama Furaha. Alikimbia vita na watoto wanne. Kazi ile ya makomeo ndiyo iliyowaweka mjini. Jumanne ya wiki hiyo mashine namba nne ilimbana kidole. Kucha iling'oka, akashonwa nyuzi tatu. Mashine zile zilikuwa na kifuniko mbele cha kuzuia mkono usiingie, na sheria ya kiwanda ilikuwa kali: ukitoa kifuniko mwenyewe ili ufanye kazi haraka, huna kazi. Fomani, yaani msimamizi wetu, akasema Mama Furaha alikitoa mwenyewe. Mama Furaha akasema sivyo. Kwa hiyo Ijumaa akaitwa mbele ya meneja ajieleze, na mimi nikaitwa nimsemee.

Tukaingia ofisini. Palikuwa na meza, faili na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Meneja akauliza ilikuwaje. Mama Furaha akanigeukia, mkono umefungwa bendeji, akasema polepole, maneno matatu tu.

"Kifuniko ililegea asubuhi ile. Nilimwambia fomani mara moja. Akasema niendelee na kazi."

Amemaliza. Hakuongeza hata punje.

Nami nikaona, hii haitoshi. Hapa mama anapoteza kazi, na anasema kama mtu anayeagiza mkate dukani! Nikavuta pumzi. Nikamwambia meneja kwamba kile kifuniko kimelegea mwezi mzima. Kwamba mama alimwambia fomani mara ishirini, mbele ya mashahidi, na kila mara fomani alimcheka usoni. Kwamba damu iliruka mpaka darini. Nikaonyesha kwa mikono, nikapiga meza kidogo. Nilikuwa mzuri, mwanangu, usinione hivi. Ningekuwa wakili siku hiyo ningeachilia huru magereza yote.

Mama Furaha akaninong'oneza, "Ndugu, mimi nimesema maneno kidogo. Mbona ya kwako imekuwa mingi vile?"

"Kiingereza ni kirefu, mama," nikamwambia. Mungu anisamehe.

Meneja akafungua faili. Akasoma kwamba mashine namba nne ilikaguliwa Alhamisi ya wiki iliyopita, kifuniko kizima, na hii hapa sahihi. Akasoma tena kwamba fomani yule alikuwa likizo wiki mbili, amerudi Jumatatu. Sasa hizo mara ishirini aliambiwa akiwa wapi, ufukweni? Akafunga faili. Akasema amesikia ya kutosha, mama huyu haaminiki, Jumatatu aje achukue barua yake.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu ulivunja mgongo wa mtu.

Unadhani niliona kosa langu? Wapi! Nilikwenda kantini nikawasimulia watu jinsi meneja anavyotuonea. Kwenye meza ya pembeni alikuwa amekaa Mzee Harbans, fundi wa mashine, Kalasinga wa Kisumu mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe. Huyu alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko sisi sote, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina vumbi la Kisumu. Akamaliza kutafuna. Akapangusa mikono. Akaniita.

"Wewe kijana, kuja hapa. Yule mama alisema nini?"

Nikaanza tena: mwezi mzima, mara ishirini, damu darini.

"Hapana. Mimi sikuuliza wewe ulisema nini. Mama alisema nini?"

Nikamwambia yale maneno matatu.

"Na hiyo ingine yote ilitoka wapi?"

"Mzee, nilikuwa namsaidia."

Akaniangalia kama skrubu iliyoota kutu. "Mtu akikupa maziwa yake umpelekee kwa mteja, wewe unaongeza maji njiani ndiyo ionekane mingi?"

"Hapana, mzee."

"Sasa maneno ya huyu mama umeongeza maji ya nini?"

Akatoa mfukoni kijitabu kidogo kilichojaa mafuta ya mashine. Huyu mzee alikuwa na tabia moja tuliyokuwa tukimcheka nayo: kila alichokiona kimeharibika alikiandika pale pale, siku na saa. Akafungua akanisomea. Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi, mashine namba nne, kifuniko kimelegea, skrubu moja haipo, fomani ameambiwa. Yeye alikwenda stoo kutafuta skrubu, na aliporudi alikuta mama ameshapelekwa hospitali.

Nikaruka kwa furaha. "Mzee! Si tumeshinda! Mpelekee meneja!"

"Nilikuwa napeleka leo," akasema. "Sasa napeleka vipi? Kitabu yangu inasema asubuhi ile. Mama, kwa mdomo yako, anasema mwezi mzima. Meneja atauliza, kati ya kitabu na mama, nani mwongo? Hii ukweli yangu ingemfaa mama. Wewe umeifanya imfunge."

Mwanangu, nilikaa. Nikamuuliza nifanye nini.

"Rudi useme ile maji ni yako."

"Watanifukuza, mzee."

"Labda," akasema, akarudia chai yake.

Siku mbili hizo sikuonja kitu. Jumamosi nilipita Sparkhill, barabara ya Stratford yote, pale harufu za nyama choma na biriani zinakushika shati kama mdai, na sikununua hata sambusa. Hapo nikajua naumwa kweli. Jumapili mchana nikaenda kwa Mama Furaha, ametoka kanisani, watoto wanne wamekaa kwenye kochi moja kama ndege kwenye waya. Nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana.

"Ndugu Mwakio," akasema, "mimi nilikimbia na watoto, sikubeba hata sufuria. Kila ofisi ninaingia hapa, nina kitu moja tu mkononi: ile nilisema jana, ndiyo nitasema leo. Sasa weye umenipokonya hiyo."

Viboko vyote nilivyopigwa Voi havikuniuma kama hayo. Na nilipigwa vingi, nusu yake nilistahili.

Jumatatu asubuhi nikabisha mlango wa meneja. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Nikamwambia, mwezi mzima ni wangu, mara ishirini ni zangu, na damu ya darini ni yangu. Mama alisema maneno matatu. Machozi yakanitoka, mtu mzima, mbele ya sahani ya biskuti. Meneja akaisogeza sahani kando. Kisha akasema, "Basi sema aliyosema yeye. Hayo tu."

Nikayasema. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizotoa tangu nizaliwe. Mzee Harbans akaingia, akaweka kijitabu mezani, kimefunguliwa ukurasa wa Jumanne. Fomani akaitwa. Akasoma, akakuna shingo, akakubali kwamba ni kweli aliambiwa, na alikuwa na haraka.

Barua ya kumfukuza mama ikachanwa mbele yetu. Mwanangu, ule mlio wa karatasi kuchanika sijasikia tena muziki mtamu namna hiyo. Mama Furaha alifumba macho, akasema "Asante Yesu" kwa sauti ndogo, kisha akachukua biskuti. Ya kwanza katika historia ya ofisi ile. Mimi sikufukuzwa, ila ukalimani wa kiwanda nilinyang'anywa siku hiyo hiyo, na nilishukuru.

Sasa utasema, Babu alijifunza. Nilijifunza, ndiyo. Lakini kujifunza si kama chanjo, mwanangu. Inaisha nguvu.

Miaka ikaenda. Mzee Harbans Mungu amemchukua. Mama Furaha akapata wajukuu, na mmoja wao ni Zawadi, aliyezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote lakini anakujibu kwa Kiingereza. Zawadi yuko chuo kikuu mwaka wa tatu, anasoma mseto: historia kidogo, falsafa, fasihi, na siasa juu yake. Wajomba zake wamemsumbua na mseto huo. "Unataka uwakili, mbona husomi sheria? Umepanda basi lisilo lako!" Yeye anawaeleza, bila kuchoka, kwamba nchi hii inaruhusu umalize shahada ya kitu kingine, kisha ndiyo uingie chuo cha sheria. Wajomba wanatikisa vichwa. Mimi nilimtetea. Nikasema mseto ukipikwa vizuri unashinda wali mtupu.

Lakini mimi huyo huyo mtetezi, mwaka juzi, kwenye harusi pale Kings Heath, nilikuwa nimesimulia habari ya Mama Furaha. Na harusi ilikuwa nzuri, watu walikuwa wananicheka vizuri, na chumvi ilikuwa karibu. Nikaimalizia Mama Furaha yuko mahakamani, mbele ya jaji mwenye nywele za kubandika, na jaji analia mpaka nywele zinateleza.

Zawadi alikuwa meza ya mbele.

Ulipofika mwezi wa kutuma maombi ya chuo cha sheria, akaja kwangu Jumamosi, amebeba barua ya kueleza kwa nini anataka kuwa wakili. Hii ni kawaida yetu. Insha zake zote huja kunisomea, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kwa sababu anasema mimi nikielewa, hata ukuta utaelewa. Sijui kama ni sifa. Nikamtilia chai.

"Babu," akasema, "kabla sijasoma. Ile kesi ya Bibi iliitwaje?"

"Kesi gani?"

"Ile ya mahakamani. Jaji alipolia. Nimeiandika mwanzo kabisa. Mwalimu anayeniandikia barua ya ushuhuda kwamba nafaa anataka jina la kesi, ameitafuta haoni."

Chai ikanitoka puani. "Kwa nini hukumuuliza bibi yako?"

"Nilimuuliza. Akasema, muulize Mwakio, yeye ndiye anajua kusema."

Yule mama! Amenisubiri miaka yote hiyo.

"Umeshaituma barua?" nikauliza, na moyo unapiga kama mashine namba nne.

"Bado. Mwisho Jumatano."

Nikashusha pumzi mpaka mapazia yakacheza. "Zawadi, mwanangu, haina jina. Hakukuwa na kesi."

"Na jaji?"

"Hakukuwa na jaji. Kulikuwa na meneja na biskuti."

"Lakini kuna mtu alilia!"

"Nililia mimi."

Akasimama. Akanisema kwa Kiingereza, haraka, na sitayarudia yote. Kifupi: mwalimu ndiye tegemeo lake, sasa atamwona mwongo, na nani anampa mwongo nafasi kwenye chuo cha sheria? Miaka mitatu ya kusoma, kukaa maktaba, kwenda kukaa kwenye viti vya nyuma mahakamani siku za mapumziko asikilize kesi za watu, yote inaliwa na sentensi moja. Sentensi yangu. Nilimtazama nikamwona bibi yake ofisini, mkono wenye bendeji.

Nikamwambia akae. Nikamsimulia hii niliyokusimulia wewe, bila chumvi, na ilinichosha kama kupanda mlima. Nikampigia Mama Furaha, tukaweka sauti ya juu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Andika ile maneno matatu. Na leo hii, mwambie mwalimu ulikosea. Usingoje akuulize mara ya pili."

Zawadi aliandika pale pale mezani kwangu. Kwanza ujumbe kwa mwalimu: hakukuwa na kesi, niliandika nilichosikia harusini bila kuhakikisha, samahani. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu kuliko safari ya kutoka Voi. Akabonyeza. Kisha akaanza barua upya: bibi aliyekuwa na maneno matatu, mzee aliyekuwa na kijitabu, na mkalimani aliyeongeza maji. Hakunitaja jina. Mtoto ana adabu.

Jumatatu mwalimu akajibu. Zawadi alinisomea kwenye simu. "Asante kwa kuniambia mwenyewe. Hii ndiyo barua. Ushuhuda wangu nautuma leo."

Na juzi amepata nafasi. Alikuja na bibi yake kunipa habari. Nikatoka mlangoni, nikamwita jirani, nikapaza sauti, "Huyu mtoto vyuo kumi vya sheria vinamgombania!"

Nyuma yangu Mama Furaha akakohoa.

"Ni kimoja," nikasema. "Kimoja kizuri."

Basi, mwanangu, wewe unayesoma mseto wako huku jicho likiwa kwenye sheria, nisikilize mzee asiyejua hata kujaza fomu. Usione haya kwa masomo yako. Historia, falsafa, hata ushairi, vyote vinakufundisha kumsikiliza mtu na kupima neno lake, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ila soma kwa bidii, maana jina zuri la shahada haliwezi kufunika alama mbaya. Mambo ya masharti na tarehe waulize wanaojua, mapema, usiniulize mimi wala wajomba, kuuliza si ujinga. Walimu wako wakujue ungali darasani, si siku unayotaka ushuhuda. Kakae mahakamani uone kama kazi hiyo unaipenda au unapenda kuitwa wakili tu. Uwe na kijitabu kama cha Mzee Harbans, uandike ulichokiona siku ulipokiona. Insha yako msomee mtu kama mimi, na akikunja uso, rudia kuiandika. Ukiandika barua yako, usipambe. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Siku moja atakaa mbele yako mtu ambaye neno lake ndiyo mali yake yote. Libebe kama lilivyo, ulifikishe kama lilivyo.

Chumvi niachie mimi, ya harusini.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo wako, akupe walimu wa kukusahihisha ungali bado na muda. Mlango wa shule yako ufunguke bila kusukumwa, na ukiingia, uingie na jina lako safi. Na ukifika ukakuta mlango huo una komeo imara, la kukaa miaka mia tatu, ujue nani alilitengeneza.

Haya, tuseme miaka thelathini. Nenda salama.